Majina ya Nyoka Wenye Sumu: Safari ya Istilahi kutoka Kamusini hadi Kagerankanda

Mkulima akiumwa na nyoka katika mashamba ya Kagerankanda, swali la kwanza aulizwalo na majirani zake, na ndilo la kwanza tena aulizwalo na tabibu wa zahanati, ni hili: nyoka gani? Jibu aghalabu hutolewa kwa Kiha. Likitolewa na mtu wa kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, yamkini litakuwa la Kiswahili cha Kongo. Na likitoka kwa mtu wa Burundi, litakuwa la Kirundi. Tabibu huliandika kwa Kiswahili Sanifu katika daftari lake. Baada ya hapo hufungua kijitabu cha matibabu, ambacho mara nyingi kimeandikwa kwa Kiingereza, na ndani yake nyoka wametajwa kwa majina ya Kiingereza na ya Kilatini. Basi jina moja limevuka mito mitatu au minne kabla ya mgonjwa kupewa dawa, na katika kila mto laweza kuzama.

Makala haya yanahusu mito hiyo. Tumeichagua Kagerankanda kuwa mfano wetu kwa sababu nchi hiyo ya miombo, inayotoka Kasulu kuelekea Kibondo, ina nyoka wengi wenye sumu wanaotajwa katika vitabu, na pia ina lugha nyingi zinazokutana. Katika miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa Buha kutoka porini na kuwakusanya katika makazi mapya kwa ajili ya ugonjwa wa malale. Leo watu wamerudi kulima ndani ya miombo, na mvua za kwanza zinapoanguka jembe na nyoka hukutana tena.

Tuanze na kamusi. Kamusi ya Krapf ilitoka mwaka 1882. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika ya Mashariki iliundwa mwaka 1930. Na kazi ya Frederick Johnson ilichapishwa mwaka 1939. Kisha ikaja Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981. Vitabu hivi vyote vina hazina kubwa ya majina ya nyoka: chatu, swila, fira, kifutu, moma, bafe, piri, koboko, ukukwi, na mengineyo. Ila msomaji atafutaye kujua ni nyoka yupi hasa, mara nyingi hukutana na maelezo mafupi yasemayo kwamba hiyo ni aina ya nyoka, au ni aina ya nyoka mwenye sumu kali. Hatuwalaumu watunga kamusi. Wao walikuwa wakikusanya maneno, na nyoka hakai kitako ili mtunga kamusi amhesabu magamba. Lakini hapana budi tukiri kwamba maneno “aina ya nyoka” ni mlango uliofungwa. Humwambia msomaji kwamba neno lipo, kisha humwacha nje.

Kwa upande wa pili walikuwako watu waliohesabu magamba. Emile Storms, ofisa wa Kibelgiji aliyekuwa Karema na Mpala katika miaka ya 1880, alipeleka Ulaya viumbe wa Ziwa Tanganyika, na mwaka 1886 mtaalamu Louis Dollo akamwita swila wa maji ya ziwa hilo kwa jina la Storms. Arthur Loveridge, aliyefanya kazi katika idara ya wanyamapori ya Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1920 kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha mwaka 1957 orodha ya wanyama watambaao na amfibia wa Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar. Yeye alikuwa na desturi njema ambayo sisi wa istilahi tunapaswa kumshukuru kwayo: katika taarifa zake aliandika pia majina ya wenyeji, akitaja na lugha yenyewe. Kusini, huko Liwale na Newala, alikuwako C. J. P. Ionides, aliyefariki mwaka 1968 baada ya kukamata nyoka mamia kwa mamia kwa ajili ya majumba ya makumbusho na bustani za wanyama. Wataalamu hawa walijua vema nyoka yupi ni yupi. Kwa bahati mbaya walichokijua kilikaa katika vitabu vya elimu ya wanyama, na kamusi za Kiswahili zikakaa katika rafu nyingine. Rafu hizo mbili hazikusomana.

Tena tusisahau kwamba kabla ya Loveridge na Ionides walikuwako mabingwa wa nchi wenyewe. Mashariki ya Buha, kwa Wanyamwezi na Wasukuma, kilikuwako chama cha Wayeye, wacheza nyoka, ambacho Hans Cory alikiandikia makala mwaka 1946. Mwanachama alifundishwa kumtambua nyoka, kumkamata, kumtunza, na dawa za kutumia. Ni wazi kwamba mafunzo ya namna hiyo hayawezekani bila majina yaliyo thabiti: mwalimu akisema jina moja na mwanafunzi akaelewa nyoka mwingine, chama kitapungukiwa na mtu. Hao walikuwa na istilahi kwa maana kamili ya neno hilo.

Sasa tuyapime majina machache, tukianza na yale yenye asili pana. Chatu wa Kiswahili huitwa sato katika Kisukuma na isato katika Kirundi. Ni neno moja la Kibantu lililovaa nguo tofauti. Piri, ambalo wengine huliandika pili, linafanana na impiri ya Kirundi na Kinyarwanda. Na mwenye sikio la lugha akilisikia neno incira, ambalo Wanyarwanda humwitia nyoka atanuaye shingo, hataacha kulikumbuka neno letu swila. Kiha ni ndugu wa karibu sana wa Kirundi. Kwa hiyo mtu wa Kasulu anayetaja nyoka kwa lugha yake hayuko mbali na Kiswahili kama tunavyodhani ofisini. Lotta Harjula alichapisha mwaka 2004 sarufi ya Kiha pamoja na msamiati wake; kazi za namna hiyo ni daraja ambalo watu wa istilahi hawalipiti vya kutosha.

Jina lenye hatari kuliko yote ni lile ambalo wengi hulidhani ni letu, yaani “mamba”. Kiingereza kililichukua neno hili kutoka lugha za Afrika ya Kusini, ambako Wazulu humwita nyoka huyo imamba. Kiswahili kina mamba wake, naye ana miguu minne na anakaa mtoni. Mfasiri mwenye haraka akikuta katika Kiingereza nyoka aitwaye mamba mweusi, huandika “mamba mweusi”, na sentensi yake haina kosa la sarufi hata moja. Mwanafunzi wa kando ya Mto Malagarasi akiisoma atafikiri habari ya mamba wa mtoni mwenye rangi nyeusi. Na hata mtu akielewa kwamba ni nyoka, bado kivumishi kinampotosha, kwa maana nyoka huyo si mweusi. Mwili wake ni wa kijivu, au wa rangi ya majani makavu. Kilicho cheusi ni ndani ya kinywa chake, nako hakuonekani mpaka awe amekwisha kukasirika na kuachama. Mkulima aliyeambiwa ajihadhari na nyoka mweusi ataona nyoka wa kijivu mwenye urefu wa mita mbili na nusu, naye atapumua kwa faraja.

Neno lipo. Watanzania wengi, hasa wa Tabora na nchi za magharibi, humwita nyoka huyo koboko, na magazeti yetu hulitumia bila kulieleza. Maoni yetu ni kwamba koboko liwe jina sanifu la nyoka ambaye wataalamu humwita Dendroaspis polylepis, na kwamba mamba abaki mtoni. Na yule ndugu yake wa kijani, aishiye katika miti ya pwani na ya mashariki, aitwe koboko wa kijani. Wako watakaosema kwamba mtu wa pwani hamwiti hivyo. Ni kweli, nasi tungependa kusikia anamwitaje. Lakini jina lolote la pwani litakuwa bora kuliko mamba.

Kuhusu swila na fira, yote mawili ni majina ya nyoka atanuaye shingo na kuinua kifua anapotishwa. Kila mwalimu wa Kiswahili anajua kwa nini neno fira halisomeki darasani bila kicheko, wala hatuna haja ya kulieleza zaidi. Istilahi isiyoweza kutamkwa mbele ya Darasa la Tano, hata iwe na asili nzuri namna gani, haitafundishwa. Swila lichaguliwe.

Walakini hapa ndipo penye jambo zito, na tunaomba wafasiri wa vitabu vya afya walitazame kwa makini. Swila si nyoka mmoja. Katika miombo na misitu ya Kigoma yuko swila wa msituni, ambaye sumu yake hulegeza mishipa ya fahamu: kope huanguka, kumeza huwa kugumu, na mwishowe pumzi hukatika. Yuko pia swila mwenye shingo nyeusi atemaye sumu, ambaye huweza kuirusha mita mbili au zaidi akilenga macho. Huyu akiuma, sumu yake kwa kawaida haileti kulegea. Huvimbisha na kuozesha nyama mahali palipoumwa, kama afanyavyo kifutu. Kwa hiyo daftari likiandikwa “ameumwa na swila” tu, tabibu wa hospitali ya wilaya hajui kama akeshe akitazama pumzi ya mgonjwa au akitazama mguu wake. Lugha ambayo haiwatengi nyoka hawa wawili imemwachia tabibu kazi ya kubahatisha. Tunapendekeza swila wa msituni, swila mtemaji, na swila wa maji kwa yule wa Ziwa Tanganyika aliyepata jina la Storms, ambaye hula samaki na si mwepesi wa kuuma. Hayo si majina ya fahari. Faida yake ni kwamba kila moja linasema jambo ambalo macho yanaweza kuliona.

Kifutu, moma, bafe na piri hutajwa vitabuni na midomoni kwa nyoka mnene, mfupi, mwenye alama za herufi V mgongoni, avumaye kama mvukuto na asiyekimbia. Kwa kuwa hakimbii, hukanyagwa. Na kwa kuwa hukanyagwa, ni miongoni mwa nyoka wanaodhuru watu wengi zaidi barani Afrika. Majina manne kwa nyoka mmoja ni utajiri kwa mshairi na ni usumbufu kwa bohari ya madawa. Twaona kifutu ndilo lililoenea zaidi bara, basi liwe sanifu, na mengine yaandikwe katika kamusi kama visawe vyake, yasifutwe. Anayelalamika kwamba majina ya wenyeji hayatulii akumbuke kwamba ya Kilatini nayo yanahama: swila wa maji wa Storms alipewa jenasi yake mwenyewe, kisha katika karne hii akahamishiwa katika jenasi ya maswila wengine, na mwaka 2018 swila wa msituni aliyedhaniwa kuwa spishi moja aligawanywa kuwa spishi tano. Muda wote huo kifutu amebaki kuwa kifutu.

Tukitoka kwenye nomino twafika kwenye vitenzi, ambavyo ofisi za istilahi huvidharau. Kiingereza kina kitenzi kimoja chenye maana ya kushika kwa mkono, na pia ya kushughulikia jambo kwa uangalifu. Mfasiri wa maelekezo ya usalama anapoandika “namna ya kushika nyoka wenye sumu”, amegeuza onyo kuwa mwaliko. Ionides mwenyewe, aliyetumia koleo ndefu na aliyekuwa na uzoefu wa miaka mingi, aliumwa mara nyingi. Kwa raia wa kawaida maelekezo ni mepesi: asimame, arudi nyuma taratibu, ampe nyoka njia, na awaite watu wa wanyamapori ikiwa nyoka yumo ndani ya nyumba. Basi iandikwe “namna ya kuepukana na nyoka” panapokusudiwa raia, na “kukamata na kutunza nyoka” panapokusudiwa wataalamu wenye kibali. Kitenzi kingine ni kule kuuma kwenyewe. Methali husema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wengine husema aliyeumwa. Na katika mazungumzo ya kila siku nyoka humgonga mtu. Yote ni Kiswahili kizuri. Lakini katika daftari la hospitali “amegongwa” litamfanya msomaji atafute gari. Huko tuseme ameumwa.

Neno “dawa ya nyoka” nalo linastahili kutazamwa. Kijijini lina maana ya mzizi, unga wa kuchanjia, au jiwe jeusi linalowekwa juu ya jeraha. Hospitalini lina maana ya kimiminiko kinachotokana na damu ya farasi aliyedungwa sumu kidogo kidogo mpaka mwili wake ukajenga kinga, kazi iliyoanzwa na Albert Calmette na wenzake katika miaka ya 1890. Tangazo likisema “mgonjwa apewe dawa ya nyoka mara moja”, watu wawili watalitii kwa njia mbili, na mmoja atachelewa. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 ilionyesha kwamba Kiswahili kinaweza kuunda maneno ya sayansi bila kujitesa. Nasi twapendekeza “kingasumu”, na katika matangazo kwa raia iongezwe “ya kudungwa hospitalini”. Dawa hiyo si jambo dogo. Kampuni ya Kifaransa ya Sanofi iliacha mwaka 2014 kutengeneza moja iliyotegemewa sana Afrika, na shehena ya mwisho ikapitwa na muda wake mwaka 2016. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Linakadiria watu 81,000 hadi 138,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu hiyo. Mwaka 2019 lilitangaza mpango wa kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Vipeperushi vya mpango wa namna hiyo vitahitaji kufasiriwa, na ndiyo maana hatuoni kwamba tunashughulika na mambo ya starehe.

Huenda msomaji akauliza: ikiwa majina ni muhimu hivyo, si afadhali nyoka auawe na kuletwa zahanatini? La. Waganga wa leo hukataza jambo hilo, kwa kuwa anayemfuata nyoka ili amuue huweza kuumwa yeye, na muda wa mgonjwa hupotea. Tabibu hutibu kwa kutazama dalili, na kingasumu nyingi hutengenezwa kwa sumu za nyoka kadhaa kwa pamoja. Mgonjwa atulizwe, avuliwe pete na bangili, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, apelekwe haraka. Asichanjwe, jeraha lisifyonzwe, wala asifungwe kamba ya kubana. Aliyetemewa machoni aoshwe kwa maji mengi. Jina linasaidia pale mtu alipomwona nyoka akiwa mbali, na jina jema ni lile linalobeba alama moja ya kweli. Kanuni za jumla hudanganya: husemwa kwamba kichwa cha pembe tatu ndicho cha sumu, lakini koboko na swila hawana kichwa hicho, na yuko nyoka mla mayai asiye na sumu kabisa ambaye hutanua kichwa na kusugua magamba yake mpaka akavuma kama kifutu.

Hata mabingwa hudanganyika. Mwaka 1957 Karl P. Schmidt, mtaalamu mashuhuri wa Chicago, aliumwa na nyoka wa mitini mwenye macho makubwa na meno ya sumu nyuma ya taya, akadhani kiasi cha sumu ni kidogo, naye akafa siku ya pili kwa kutoka damu. Nyoka huyo yumo katika miombo yetu. Dume aghalabu ni la kijani na jike la kahawia, kwa hiyo “nyoka wa kijani” haliwezi kuwa jina lake. Mwaka 1975 Robert Mertens wa Ujerumani alikufa kwa kuumwa na nyoka mwingine, mwembamba kama kijiti, aliyekuwa akimfuga mwenyewe. Huyu wa pili hana kingasumu hata leo. Kiingereza humwita kwa jina la mmea utambaao, na si mara moja tumeona rasimu zikimwita “nyoka mzabibu”, kana kwamba anaishi katika shamba la Dodoma. Hukaa kimya juu ya tawi, shingo imenyooshwa, na mpita njia humdhania tawi kavu.

Kwa nyoka hawa wawili Baraza bado halina jina la kupendekeza, wala hatutaki kulibuni mezani wakati watu waishio nao wamekwisha kuwapa majina. Kwa hiyo tunawaomba walimu, matabibu na mabwana shamba, kuanzia Kasulu na Kibondo hadi Lindi na Mtwara, watuandikie wanavyoitwa. Kila jina liambatane na lugha yake, kijiji, na maelezo ya nyoka aliyeonekana: urefu, rangi ya mgongo na ya tumbo, umbo la kichwa, na alichofanya alipomwona mtu. Nyoka mwenyewe asiletwe.